Maji ya Kifuani

Watu wengi wa Nyanungu wanaamini kwamba Mayunga alikuwa mjinga siku ile ya shimo. Mwenyewe anabisha. Siku ya shimo, anasema, alikuwa mzembe mwenye mdomo mrefu, na hayo ni makosa yake ya kila siku. Ujinga wenyewe, ule wa kupewa cheti na kupigwa picha, aliufanya siku sita baadaye, pale joshoni, saa nne asubuhi, mbele ya watu zaidi ya mia moja, akiwa ameshika karai.

Lakini huwezi kufika kwenye karai bila kupita shimoni.

Mayunga alikuja Nyanungu miaka minane iliyopita kutoka upande wa Shinyanga. Alifuata dhahabu kama wengine, na kama wengine alikuta dhahabu imeshasikia kwamba anakuja, ikahama. Alishuka maduara matatu, maana mashimo ya wachimbaji ndivyo yanavyoitwa, na kitu pekee alichotoka nacho ni kikohozi. Wenzake walifunga virago wakaenda kujaribu kwingine. Yeye alibaki kwa sababu ya mtu mmoja, Mniko.

Mniko alikuwa mkulima wa hapo hapo, Mkurya mrefu wa mifupa, mpole kwa ng'ombe na mkali kwa binadamu. Ndiye aliyemkatia Mayunga kipande cha ardhi cha kujenga banda lake yeye na mkewe Evelina, bila karatasi, bila shahidi. Alisema tu kwamba mtu anayemchekesha namna hii asipewe nafasi ya kwenda mbali. Basi kazi ya Mayunga ikawa hiyo. Alimtania Mniko kwa urefu wake, kwamba akiinama kupalilia jua linazama kabla hajafika chini. Alimtania kwa maksai wake, kwamba wamekonda hadi mtu anaweza kuanikia nguo kwenye mbavu zao. Mniko hakuwa na mdomo wa kujibu. Alikuwa anatikisa kichwa, anacheka kwa kifua bila sauti, na kesho yake anapita tena bandani kutafuta kingine.

Duara la siku ile lilikuwa kwenye ukingo wa shamba la Mniko. Lilichimbwa na vijana fulani waliohama zamani. Waligonga mwamba, wakachoka, wakaliacha na matimba yao ukutani, yale magogo ambayo mchimbaji hukanyaga kama ngazi akishuka. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikalijaza. Kufikia mwezi wa pili tope lote lilikuwa limetua, na kwa kuwa kuta zilikuwa jiwe tupu, maji yalikaa mle yametulia, meupe, safi kuliko ya kunywa. Ukisimama pembeni unaona chini kama unavyoona sakafu ya nyumba yako.

Siku hiyo Mniko alitoka kulima. Maksai walikuwa bado na nira shingoni, na mnyororo wa plau ameuweka begani. Akapita dukoni kwa Mungu, kama alivyoliita shimo lile, anawe uso. Alipoinama, mnyororo ukateleza begani ukaingia majini. Ulizama wote, ukalala chini, na kila pete yake ikaonekana.

Mayunga alikuwa anapita na jembe. Mniko akamwita.

Walisimama hatua mbili kutoka ukingoni, maana kingo za maduara huwa zinamomonyoka, wakatazama kwa kupinda shingo. Mnyororo ulikuwa pale, umejikunja kama nyoka aliyeshiba. Mniko alisema bila mnyororo halimi kesho, na mvua hii haitamsubiri. Kisha akauliza lile alilouliza. Alimwambia Mayunga yeye ndiye mtu wa mashimo, atazame, amwambie maji yanafika wapi.

Mayunga akatazama. Akasema, kifuani.

Hakukisia kwa uongo. Hivyo ndivyo alivyoona. Chini palikuwa karibu, na mnyororo ulikuwa karibu, kiasi kwamba mkono uliwasha kuufuata. Mniko alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa milimani, wala hakuwahi kuogelea maishani mwake, na Mayunga naye ni mtu wa nchi kavu, maji mengi aliyowahi kuyazoea ni ya ndoo. Mniko akauliza kama ile kamba yake ya winchi, ya siku za maduara, bado ipo bandani. Ipo, Mayunga akajibu. Mniko akamwomba aende akailete, wafunge kiunoni, kwa usalama.

Banda lilikuwa hatua mia tatu. Jua lilikuwa kali. Na Mayunga alikuwa na mdomo wake.

"Mura," alimwambia, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "kamba ya kuingilia kwenye beseni?"

Mniko alicheka kwa kifua, bila sauti. Akavua shati, akavua mabuti, akayapanga vizuri kama mtu anayeingia kanisani. Akakaa ukingoni, akajisukuma.

Aliingia wima, kama anavyoshuka mtu kitandani. Maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani, yakapita. Yakafika kidevuni, yakapita. Nywele zikaingia.

Na Mayunga akacheka.

Hilo hakuwaambia polisi, hakuwaambia watu wa joshoni, hata Evelina hakumwambia. Alicheka kwa sababu alidhani Mniko ameinama kuokota mnyororo. Alisubiri ainuke nao, ateme maji, na tayari alikuwa ametengeneza kichwani neno la kumpokelea. Alisubiri kwa muda wa kuhesabu hadi saba au nane. Kisha mkono ulitoka, ukashika timba ukutani, na timba lililokuwa limeoza likang'oka lote, zima, likaelea. Mkono ukarudi ndani.

Ndipo alipokimbia kufuata kamba. Hatua mia tatu kwenda, mia tatu kurudi, na kikohozi njiani. Aliporudi maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, hayaonyeshi kitu chochote tena, na yametulia. Maksai walikuwa wamesimama palepale na nira yao, wanacheua.

Mniko alitolewa saa tisa alasiri. Wachimbaji wa duara la jirani walileta pampu, wakapunguza maji, wakamfikia kwa ndoano. Mzee wao, Nyangwine, mtu aliyeshuka chini ya ardhi tangu hajaota ndevu, alifunga jiwe kwenye kamba akapima alama ya maji ilipokuwa kabla ya pampu. Futi nane. Mniko, pamoja na urefu wake wote uliotaniwa, alikuwa futi sita. Polisi walifika, wakaandika kwamba ni ajali, wakamfariji mjane, wakaondoka.

Lakini Robi, mjane, alikuwa na neno ambalo polisi hawakuliandika. Mayunga mwenyewe ndiye aliyempa. Siku ile ile, amekaa chini kwenye majani, analia makamasi yanatoka, alimwambia kila kitu isipokuwa kicheko: kwamba aliulizwa maji yanafika wapi, akasema kifuani, kwamba aliombwa kamba, akaleta utani. Robi alisikiliza. Hakulia, hakumtukana. Aliinuka akaenda kushughulikia maiti.

Baada ya mazishi ritongo likaitwa. Ritongo ni baraza la watu wa pale, ambalo haliandiki chochote na likiamua limeamua. Swali lilikuwa moja: Mniko ameuawa na maji, au ameuawa na mdomo wa Mayunga? Kama ni maji, basi ni msiba kama misiba mingine, watu wataendelea kuzika na kulima. Kama ni mdomo, Mayunga ataondoka siku hiyo hiyo, banda litabomolewa, na hatakanyaga tena kwenye kaburi la rafiki yake wala kwenye boma la watoto wake. Huko kuondoka angekumeza, alishazoea kuhama. Kilichomnyima usingizi ni kwamba uamuzi wenyewe ungesemwa kwa sauti, naye awepo, asikie.

Asubuhi ya siku hiyo Evelina alimpasia shati, akamkalisha kwenye kigoda, akamsemesha kama anavyosemeshwa mgonjwa. Alimwambia aende, apige magoti mbele ya Robi, aseme nimekosa, afunge mdomo. Wakimfukuza wamemfukuza. Asiongeze neno la pili.

Mayunga alimwangalia mkewe kwa huruma. Yeye alikuwa ameshapata kitu.

Alikipata jana yake. Alikuwa anaosha karai, lile sufuria pana la kuoshea mchanga wa dhahabu, na ndani kulikuwa na nati iliyokwama. Aliweka karai chini, akarudi nyuma, nati ikafichwa na ukingo. Akamimina maji asuuze, na nati ikajitokeza. Haikusogea hata kidogo. Ilipanda tu kwa macho, kana kwamba chini ya karai pameinuliwa. Mayunga alibaki na ndoo mkononi. Kidato cha pili chote kilimrudia kwa mkupuo: mwalimu, ubao, chaki ya njano, mshale unaotoka majini, ukifika kwenye hewa unavunjika shingo na kuelekea pembeni. Mwanga ukitoka kitu kizito kuingia kitu chepesi unapinda, na jicho halijui kwamba umepinda. Jicho linaamini mwanga umekuja moja kwa moja. Kwa hiyo linaweka chini mahali ambapo chini hapapo.

Alifurahi. Siku ya tano tangu ampoteze mtu wake, alifurahi kama aliyeokota tanzanaiti barabarani. Aliyeua hakuwa yeye. Yalikuwa maji.

Basi alimjibu Evelina kwamba magoti ni ya wasio na hoja, akachukua karai, nati na dumu la maji, akaondoka. Evelina alibaki ameshika pasi.

Joshoni palikuwa pamejaa. Ritongo lilikaa pale kwa sababu ni mahali pekee penye sakafu ya saruji na ukuta wa kukalia, ingawa harufu ya dawa ya kupe haikuwa imewahi kutoka. Mzee Wangwe ndiye aliyeongoza, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Wanaume walikaa ukutani, wanawake kwenye majani upande wa pili, na Robi katikati yao na kitambaa cheusi kichwani. Mayunga aliamkia wazee shikamoo, wakaitikia wachache.

Alianza Nyangwine. Alieleza habari ya futi nane, kisha akaeleza jambo ambalo Mayunga alikuwa anaomba lisielezwe. Alisema mchimbaji hapimi duara kwa jicho. Duara lina matimba, na matimba hupigwa kwa nafasi sawa, kwa hiyo mtu anahesabu. Siku ile chini ya maji palikuwa na matimba matano, yote yanaonekana. Hata mtoto wa chekechea angeyahesabu akajua urefu.

Mayunga aliruka. Alisema aliyaona, lakini yalikuwa yamebanana kama vidole, hayakuonyesha nafasi yake ya kweli, na ndilo hasa jambo alilokuja kulieleza.

"Vidole vikibanana," Nyangwine akasema, "vinapungua?"

Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani. Mayunga akaomba ruhusa ya kuonyesha kitu. Wangwe akamruhusu.

Hapo ndipo alipokuwa mzuri, na atakufa akikumbuka jinsi alivyokuwa mzuri. Aliweka karai katikati ya sakafu, nati ndani. Alimwomba Mzee Wangwe ashuke ukutani, akamrudisha nyuma hatua kwa hatua, akimshika kiwiko kwa heshima, hadi mzee aliposema nati haionekani tena. Asisogee, Mayunga akamwomba, wala asiinue kichwa. Akamimina maji polepole kutoka kwenye dumu. Uso wa mzee ukabadilika. Akasema imerudi. Akauliza nani ameisogeza. Hakuna, watu wakamjibu. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Nyangwine akaja kuona kwa macho yake, akaona, akarudi kukaa bila kumwangalia mtu. Vijana wakapanga foleni. Kwa muda wa kama robo saa baraza la msiba liligeuka kuwa maonyesho, na Mayunga alisimama katikati yake, anamimina, anamwaga, anaeleza.

Aliwaeleza vizuri. Alisema mwanga ukitoka majini unapinda, na jicho linadanganywa, la kila mtu, la mzee na la mtoto, la Mkurya na la Msukuma. Alisema maji ya futi nane, ukiyatazama kutoka juu kabisa, yanaonekana futi sita. Ukisimama pembeni, kama walivyosimama yeye na marehemu, yanapanda zaidi, yanakuja futi tano, nne na nusu. Aliweka kiganja kifuani kwake kuonyesha. Hapa, akasema. Ndiyo maana nilisema hapa. Macho yangu hayakusema uongo na mimi sikusema uongo. Maji ndiyo yaliyosema uongo.

Vichwa vilitikisika. Mtu mmoja nyuma alisema kumbe. Mayunga alilisikia kumbe lile likimshuka mgongoni kama maji ya moto kwa mtu mwenye baridi. Wangwe alikuwa amerudi ukutani, anafikiri, na ilionekana anafikiri kwa upole. Akauliza jambo moja tu la mwisho, kwa namna ya mzee anayetaka kumsifu kijana: elimu hii ameitoa wapi?

Mtu mwenye akili angesema nimeijua jana nikiosha karai. Ilikuwa karibu kweli.

Lakini alikuwa ameshasifiwa na watu mia moja, na mdomo wake ulikuwa umepona. Alisema ameitoa sekondari, kidato cha pili, somo la fizikia. Akasema hata kwenye mtihani lilitoka swali hilo hilo, la shimo la maji: kwa macho lina kina hiki, je, kwa kweli lina kina gani? Wenzake darasa zima walikosa. Yeye peke yake alilipata lote, na mwalimu akamsimamisha apigiwe makofi.

Alisema hivyo akitabasamu. Kisha akaona kwamba hakuna anayetabasamu naye, na hakuelewa kwa nini.

Upande wa majani Robi alikuwa ameinuka. Aliomba ruhusa kwa Wangwe kwa kumwita tata, yaani baba, kama ipasavyo, akapewa. Hakuja kwenye karai. Hakutaka kuona nati. Alisimama pale alipokuwa, mikono ameifunga kwenye kanga.

Aliuliza kama shemeji yake anajua Mniko aliishia darasa la ngapi. Mayunga alijibu anajua, la nne. Akauliza kama katika miaka yote minane ya kucheka pamoja aliwahi kumsimulia habari hii ya mwanga. Mayunga alisema hapana, haikuwahi kuja kwenye mazungumzo. Akauliza kama Mniko angeweza kuijua kwa mtu mwingine. Maji kwenye karai yalikuwa bado yanatikisika, na nati inacheza ndani yake, inakaribia, inakwenda mbali.

Mayunga alijua kwamba hapo ndipo pa magoti. Evelina alikuwa amempasia shati kwa ajili ya hapo. Lakini magoti hayakukunjika. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikibembeleza, ikitafuta mwenza.

"Shemeji, nilisahau. Mtu anasahau. Nilisimama na Mniko pale pale, nikaona alichoona yeye. Maji yalitudanganya wote wawili."

Robi alimtazama bila hasira, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba.

"Yalimdanganya mmoja tu, shemeji," alisema. "Na huyo tumeshamzika."